SOMO LA MNAZI: Namna Utoavyo Mizizi, Makuti na Upunga

Amma baadu. Mwaka mmoja lililetwa mbele yetu shauri la minazi ya wakfu. Shamba lile lilikuwa wakfu kwa mafuta ya taa za msikiti na chakula cha wanafunzi wa chuo. Na msimamizi wake, ambaye hatumtaji jina, aliuza makuti mabichi kwa wenye kusuka makumba, mnazi baada ya mnazi, hata vilele vikabaki kama mifagio iliyosimamishwa. Mwaka wa pili nazi zikapungua, na wa tatu zikawa chache mno. Alipoulizwa alisema, "Sheikh, mimi nimekata makuti. Nazi sikuigusa hata moja." Wazee waliohudhuria wakaona neno lake lina haki. Basi ikatulazimu, kabla ya kuhukumu, kueleza mnazi unavyokua. Na maelezo yale ndiyo haya, tumeyaandika kwa manufaa ya wanafunzi.

Fahamu, ewe mwanafunzi, kwamba nazi ina macho matatu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipoieleza nazi katika khabari za Zafari aliifananisha na kichwa cha mtu, kwa ajili ya macho hayo na zile nyuzi zilizo kama nywele. Lakini macho mawili ni magumu, na moja tu ni laini. Na chini ya hilo laini ndipo kilipo kiini cha mche, kidogo mno, kimelala ndani ya nyama ya nazi. Nazi ikipata maji na joto, kiini hicho huamka na kutoa ncha mbili. Ya ndani huvimba ikawa kitu cheupe, chepesi, kitamu, ndilo joya wanalolipenda watoto, nalo hujaza tumbo la nazi na kunyonya maji na nyama yake kidogo kidogo. Ncha ya nje hutokeza katika jicho, ikatoa chipukizi kwenda juu na mizizi kwenda chini. Na mizizi hiyo kwanza hutambaa ndani ya makumbi kabla ya kuuona mchanga. Chipukizi huonekana nje baada ya miezi mitatu au minne, pengine zaidi. Kwa muda huo wote mche haudai kitu kwa mtu ila maji na kivuli kidogo, maana chakula chake umezaliwa nacho.

Makuti ya kwanza hayakuchanika. Huwa bapa zima kama jani la mgomba mdogo. Baadaye ndipo hutoka makuti yaliyogawanyika. Na katika miaka ya mwanzo, mitatu hata mitano, mnazi hauna shina la kuonekana. Watu husema, "Huu umedumaa." Sivyo. Huko chini unapanua kitako chake hata kifikie unene wake wote, ndipo unapoanza kupanda. Kwani mnazi si kama mwembe, ambao una tabaka hai chini ya gome inayounenepesha kila mwaka. Unene wa mnazi hufanywa kileleni na kitakoni, kisha basi. Ndiyo sababu vidato wanavyovikata wakwezi shinani havifungiki kabisa. Jeraha la mnazi ni jeraha la umri wake wote.

Mizizi yake nayo haina mzizi mkuu wa kushuka kama wa mwembe. Yote hutoka kitakoni, maelfu kwa mnazi mzima, unene wake karibu wa kidole, na hainenepi ikizidi kuishi. Wa zamani ukifa, mwingine huchipuka. Wala haina vinyweleo kama mizizi ya mimea mingine. Hunywa kwa sehemu changa iliyo nyuma kidogo ya ncha. Kwa hiyo mnazi hupenda mchanga unaopitisha maji na hewa, nao huchukia maji yanayosimama.

Sasa tuje kileleni, ndipo penye shauri letu. Mnazi una jicho moja tu la kukulia, nalo limo ndani ya shaha, limefungwa kwa makuti machanga na vile vilifu vilivyo kama kitambaa. Hauna tawi, wala hauna jicho la akiba. Chonga akilitoboa likaoza, mti umekwisha, hata ukiwa na mizizi elfu sita. Jicho hilo hutoa makuti kwa zamu: mnazi mrefu uliokwisha kukomaa, wenye afya, hutoa karibu kuti moja kila mwezi. Kuti hufunguka, likakaa kileleni yapata miaka miwili na nusu hata mitatu, kisha likageuka rangi, likainama, likaanguka lenyewe, na kuacha alama ya pete shinani. Kwa hiyo kilele kilichotimia kina makuti kama 30, na kila moja lina umri wake na zamu yake. Kuti lililogeuka manjano na kuinama, ukilitwaa hukudhulumu kitu. Lililo bichi lina kazi: hutwaa hewa ya kaboni, na maji yaliyopandishwa na mizizi, likavipika kwa nuru ya jua vikawa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayolisha shina, mizizi na tunda.

Kisha kuna siri ya kwapa. Katika kwapa la kila kuti umewekwa upunga mmoja. Huanza kuumbika zamani sana, yapata miaka miwili na nusu kabla ya kuonekana, kuti lake lingali limekunjwa ndani ya shaha. Ndipo utafahamu kwa nini ukame wa mwaka huu hulipwa na mazao ya mwaka ujao na wa baada yake, na watu wakatafuta mchawi. Muda wake ukifika, karara hutokeza, hupasuka kwa urefu, na panda hujitandaza. (Mgema hafiki siku hiyo, yeye hulifunga karara kabla halijapasuka na kuikata ncha yake, na utamu uliokusudiwa kuwa nazi ukadondoka kibuyuni, ukawa tembo kabla jua halijachwa. Hukumu yake inajulikana.)

Katika panda hilo maua madogo ya kiume ni maelfu, na ya kike ni machache, kiasi cha 20 hata 40, mviringo kama vifungo, karibu na mashina ya vijiti. Katika minazi mirefu ya pwani yetu maua ya kiume hufunguka kwanza na kumwaga unga wake muda wa kama wiki tatu; yakiisha, ndipo ya kike yanapokuwa tayari. Kwa hiyo mnazi mrefu aghalabu hupokea unga wa mnazi mwingine, kwa nyuki na kwa upepo. Mtende si hivyo: dume mbali na jike mbali, na watu hupanda kwa mikono yao kupachika upunga wa dume katika jike. Na katika hayo mafaqihi wakasema, auzaye mtende uliokwisha kupachikwa, matunda ya mwaka ule ni ya muuzaji, ila mnunuzi akishartia.

Maua ya kike mengi huanguka, hata katika mnazi wenye afya. Yaliyoshika huwa kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi; na tangu ua hata nazi ni karibu miezi kumi na miwili. Kole zima, likiwa limejaa, huegemea bua la kuti lake. Ukilikata kuti bichi, kole hukosa pa kuegemea, likainama, likavunjika. Na yale yasiyovunjika hukosa chakula, vidaka vikapukutika. Na upunga ulio bado ndani huumbika dhaifu, na maua ya kike machache.

Tulipofika hapo yule bwana alinyamaza. Mzee mmoja akasema, "Lakini Maalim, hakujua." Tukamjibu kwamba kutojua humwondolea mtu dhambi, wala hakumwondolei dhamana ya mali aliyoiharibu. Msimamizi ni mwenye amana, hadhamini ila kwa taadi au kwa uzembe. Na kukata kilele kizima cha mti wa wakfu, bila ya kumwuliza mkwezi hata mmoja, hatukuweza kukuita jina jingine. Akaambiwa arejeshe thamani ya makuti, na alipe upungufu wa thamani ya minazi kwa makadirio ya wakulima wawili waadilifu. Wala hakudaiwa nazi ambazo hazijapata kuwako. Mmoja wa wazee hakuridhika, akasema chuo kilikuwa kinakula nazi, hakikuwa kinakula thamani. Wanafunzi walipunguziwa chakula misimu miwili.

Minazi yenyewe ilihitaji muda wake. Tuliwaamuru wanafunzi watie alama katika kuti la kwanza lililofunguka baada ya shauri, wakawa wanahesabu kila mwezi. Karara la kwapa lake lilipasuka kabla mwaka haujaisha. Nazi zake zikaangushwa mwaka wa pili, saba tu. Makole yaliyojaa yalirudi mwaka wa nne, na siku ya kuyaangusha yule bwana alikuja mwenyewe, akasimama chini ya mnazi, akahesabu pamoja na watoto.