MAJUMA MAWILI YA JANUARI, 1964
(Somo la Historia na Uraia)

Muhula huu mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza darasani: "Mwalimu, mbona kila tukisoma habari za ulinzi unatupeleka kwenye siasa za nchi za nje? Mambo ya askari si ya askari?" Swali lile lilikuwa zuri, lakini kengele ililia kabla sijalijibu. Nalijibu hapa, kwa mfano mmoja uliotokea hapa hapa kwetu, ili na wazazi wanaosoma gazeti hili wapate kusaidia kubishana na watoto wao nyumbani.

Fungueni ramani ya Afrika ya Mashariki. Wekeni kidole juu ya Unguja, kisha Dar es Salaam, kisha Tabora. Pandeni kaskazini hata Jinja, penye chanzo cha Mto Nile, halafu mtafute Lanet, karibu na Nakuru katika nchi ya Kenya. Kati ya tarehe 12 na tarehe 25 Januari, 1964, mahali hapo pote pamoja na serikali zake palitikisika, na watu waliokuja kutuliza mambo walitoka mbali kuliko mahali hapo pote.

Jambo la kwanza lilikuwa Unguja. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari serikali ya Sultani ilipinduliwa, ikiwa na umri wa mwezi mmoja tu tangu kupata uhuru. Tanganyika ikapeleka huko askari polisi wapatao 300 kusaidia kulinda amani. Ulikuwa msaada wa jirani mwema. Lakini kumbukeni hesabu hiyo, kwa maana polisi waliovuka bahari ni polisi waliopungua Dar es Salaam.

Sasa tuitazame kambi ya Colito, ambayo leo huitwa Lugalo, katika barabara ya kwenda Bagamoyo. Tanganyika ilikuwa na uhuru wake tangu tarehe 9 Desemba, 1961, walakini jeshi lilikuwa lile lile la kikoloni la King's African Rifles lililobadilishwa jina. Mkuu wake alikuwa Mwingereza, na maofisa wengi walikuwa Waingereza. Askari wa kawaida aliona ofisini mwa serikali Waafrika wakipanda vyeo, naye kambini anapigiwa amri na mzungu yule yule wa jana, kwa mshahara mdogo. Tena tarehe 7 Januari Rais Nyerere alitangaza kwamba tangu sasa raia wote watapewa kazi serikalini pasipo kutazama rangi zao. Kwa haki, tangazo lile lilikuwa jema kabisa. Kwa askari waliokuwa wakingoja zamu yao, lilisikika kama mlango unaofungwa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20 Januari waliasi. Waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakaingia mjini, wakashika mahali muhimu kama kituo cha redio na uwanja wa ndege. Walitaka mambo mawili: mshahara uongezwe, na Waingereza waondoke. Hawakusema kwamba wanataka kutawala. Rais na Bwana Kawawa, Makamu wake, walifichwa mahali pa salama, na Bwana Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kusema na waasi. Siku ile maduka ya Kariakoo na Magomeni yaliporwa, na watu wakafa. Maofisa wa Kiingereza wakapakiwa ndegeni kwenda Nairobi. Kesho yake kikosi cha Tabora nacho kikaasi.

Hapa ndipo pa kuangalia ramani tena. Tarehe 23 Januari askari wa Uganda waliasi Jinja, wakamshika Waziri Bwana Felix Onama alipokwenda kusema nao. Usiku wa tarehe 24 wakaasi askari wa Kenya kambini Lanet. Siku tano, nchi tatu! Wengine walidhani kulikuwa na mkono mmoja uliovuta kamba zote, lakini mimi nadhani sababu ilikuwa rahisi zaidi. Majeshi haya matatu yalikuwa watoto wa mama mmoja. Yalikuwa yamefunzwa pamoja, yalilipwa kwa namna moja, yalikuwa na manung'uniko mamoja, na yote yalikuwa na redio. Askari wa Jinja hakuhitaji mjumbe wa siri kumwambia ya Colito. Alisikiliza habari.

Basi serikali tatu zifanye nini? Zote tatu, kila moja peke yake, ziliomba msaada kwa Uingereza, yaani kwa yule aliyekuwa ameondoka juzi tu. Kenya na Uganda walipata msaada upesi, kwa kuwa majeshi ya Uingereza yalikuwa bado katika nchi ya Kenya. Kwa Tanganyika ilikuja manowari kubwa ya ndege iitwayo Centaur, kutoka Aden. Alfajiri ya tarehe 25 Januari helikopta zake ziliwashusha askari wa Kiingereza huko Colito, na baada ya mapigano mafupi waasi wakasalimu amri. Wachache walikufa.

Mwalimu Nyerere hakuficha kwamba jambo lile lilimtia aibu. Na kweli, fikirini hali yake. Dar es Salaam ndipo palipokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hapo ndipo FRELIMO ilipoundwa mwaka 1962. Mji uliokuwa ukiwaahidi wengine kuwasaidia kujikomboa ulikuwa umekombolewa na mkoloni wake wa zamani kutoka kwa askari wake wenyewe. Wareno waliokuwa ng'ambo ya Mto Ruvuma bila shaka walizisoma habari hizo kwa makini.

Alilofanya baadaye ndilo kiini cha somo hili. Aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nao wakakutana Dar es Salaam kuanzia tarehe 12 Februari, 1964. Umoja wenyewe ulikuwa haujatimiza mwaka, maana uliundwa Addis Ababa tarehe 25 Mei, 1963. Mkutano ule ulikubali kwamba askari wa Kiafrika wachukue mahali pa Waingereza. Nigeria ikaleta kikosi kimoja, kikakaa hata Septemba huku jeshi jipya likitengenezwa. Kwa kufanya hivyo Tanganyika ilipata wa kuilinda pasipo kurudi kwa bwana wa zamani. Msomaji asidhani kwamba dawa hiyo haikuwa na hatari. Nigeria yenyewe, iliyokuja kutulinda, ilipinduliwa na wanajeshi wake tarehe 15 Januari, 1966.

Jeshi la zamani lilivunjwa lote. Jeshi jipya, Jeshi la Wananchi, lilizaliwa tarehe 1 Septemba, 1964, chini ya Mirisho Sarakikya. Vijana wake walichaguliwa wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, wakafundishwa siasa pamoja na bunduki, wakaruhusiwa kuwa wanachama wa chama. Shabaha ilikuwa askari ajione raia mwenye bunduki, asijione mtu wa kukodiwa. Lakini sharti tuseme na upande wa pili. Baada ya maasi viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa, na mwezi wa Februari kikaundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, chini ya mkono wa serikali. Tarehe 28 Januari, siku tatu tu baada ya helikopta zile, Rais alitangaza tume ya kutengeneza utaratibu wa nchi yenye chama kimoja. Mpango huo ulikuwapo katika mawazo tangu mapema. Hata hivyo, hofu iliyotoka kambini iliurahisishia njia, na nafasi ya watu kubishana na serikali yao ilipungua kwa miaka mingi. Mtu akikuambia kwamba mambo ya askari ni ya askari, mwonyeshe hilo.

Kenya na Uganda walifuata njia nyingine. Kenya iliwapeleka waasi mbele ya mahakama ya kijeshi na kukivunja kikosi cha Lanet, lakini ikaendelea kushirikiana na Uingereza kwa mafunzo na silaha. Tusiwacheke. Kenya ilikuwa na vita vya mashifta katika mkoa wake wa kaskazini mashariki, na jirani yake Somalia ilikuwa ikidai nchi ile. Mwenye moto uani hachagui sana mtungi wa maji. Mwezi wa Julai, 1964, wakuu wa Afrika walipokutana Cairo, walikubali kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na Somalia haikukubali. Uganda nayo iliwaongezea askari mishahara, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo kwa haraka. Mmoja wao alikuwa Idi Amin. Tarehe 25 Januari, 1971, miaka saba kamili tangu asubuhi ile ya Colito, alimpindua Rais Obote. Nisieleweke vibaya: mshahara wa 1964 peke yake haukuleta mapinduzi ya 1971, kwa maana kati yake kulikuwa na mabishano mengi ya siasa ambayo jeshi lilitumiwa kuyamaliza. Lakini askari alikuwa amekwisha kuona kwamba serikali humsikiliza zaidi akiwa na bunduki mkononi.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hulisahau, nalo ni mwalimu wa jeshi. Nchi ikivunja jeshi lake, nani atawafunza wapya? Wakati ule dunia ilikuwa imegawanyika kambi mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana tarehe 26 Aprili, 1964, Ujerumani ya Magharibi ilikubali kusaidia kuanzisha jeshi letu la anga. Lakini Zanzibar ilikuwa na ubalozi wa Ujerumani ya Mashariki, na Ujerumani ya Magharibi haikutaka rafiki yake yeyote amtambue ndugu yule. Serikali ya Muungano ikatafuta njia ya katikati, yaani ofisi ya konseli tu Dar es Salaam, pasipo ubalozi. Mwezi wa Februari, 1965, Ujerumani ya Magharibi ikawaondoa walimu wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba, kama msaada una kamba ya namna hiyo, wachukue na uliobaki. Kanada ikaingia badala yake na kufundisha hata mwaka 1970, na China ikazidi kuwa karibu. Hivi marubani wetu wa kwanza walibadilishiwa walimu kwa sababu ya ukuta uliojengwa Berlin!

Desemba ya mwaka huo huo Tanzania ilivunja ubalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, kama Umoja wa Nchi Huru ulivyoazimia, na ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Nchi nyingi zilizopiga kura hazikuvunja.

Jeshi lile jipya lilipimwa tarehe 30 Oktoba, 1978, Amin alipovuka mpaka na kushika sehemu ya Kagera. Jeshi lake lilikuwa likigombana lenyewe kwa lenyewe, na wengi husema alitafuta vita vya nje ili kuzima moto wa ndani. Libya ilimpelekea askari. Umoja wa Nchi Huru ulitaka pande mbili zipatane pasipo kumlaumu mvamizi, na Tanzania ikakataa. Tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilianguka. Ushindi huo ulilipiwa na kila nyumba. Wazazi watawaeleza habari za kufunga mkanda miezi 18, na jinsi sabuni na sukari zilivyotafutwa hata baada ya miezi hiyo kwisha.

Mambo haya hayajawa ya kale. Novemba 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kupeleka jeshi lake mashariki ya Kongo, na Desemba 2023 likaondoka. Likafuata jeshi la nchi za SADC, ambalo askari wa Tanzania walikuwamo. Januari 2025 mji wa Goma ulishikwa na M23, na mwezi wa Machi SADC ikaamua kuwarudisha askari wake.

Kidato cha Tatu na cha Nne wajibu maswali haya katika daftari, wala wasiyaibe kwa jirani. Kwanza, kama polisi 300 wasingekwenda Unguja, je, mambo ya tarehe 20 Januari yangekwendaje? Pili, ungekuwa Rais asubuhi ya tarehe 24 Januari, 1964, ungemwita nani, na angekudai nini baadaye? Mwenye mzazi au babu aliyekuwa Dar es Salaam au Tabora siku zile amwulize aliona nini, aandike majibu kama alivyoambiwa, na ayalete kwangu kabla ya kufunga shule.