Somo kwa Wachimbaji Dhahabu: Piga Hesabu Kabla ya Kuuza Mchanga

Katika machimbo mengi ya Nyatike, kazi huishia kwenye ubao wa kuoshea. Mawe husagwa, huoshwa, dhahabu iliyoonekana huuzwa, na mchanga uliobaki hununuliwa kwa bei ya chini na wenye matangi ya sianidi. Wananunua kwa sababu kuosha hakunasi dhahabu yote. Chembe ndogo mno hupita na maji au hubaki ndani ya jiwe.

Je, kikundi chako kiuze mchanga au kilipie kuusafisha? Tazama mfano huu. Takwimu ni za kufundishia tu, weka zako.

Kikundi kina tani 20 za mchanga. Maabara imepata gramu 4 za dhahabu kwa kila tani, yaani gramu 80. Tangi likitoa asilimia 80, mtapata gramu 64. Kwa shilingi 10,000 kwa gramu, hizo ni shilingi 640,000. Gharama za usafiri, kusaga upya, dawa, kukodisha tangi na ulinzi ni shilingi 400,000. Zinabaki 240,000. Mnunuzi alikuwa ametoa 60,000. Mngeuza bila kupima, mngepoteza 180,000.

Sasa tuseme maabara imepata gramu 2 tu kwa tani. Tangi litatoa gramu 32, yaani shilingi 320,000, na gharama ni zile zile 400,000. Hapo ni hasara ya 80,000, na aliyeuza kwa 60,000 ndiye aliyefanya vyema. Katika mfano huu, mchanga unahitaji karibu gramu 3 kwa tani ndipo tangi liishinde bei ya mnunuzi.

Kwa hivyo, anza na kipimo. Usichukue sampuli upande mmoja wa rundo. Chota sehemu nyingi, juu na chini, changanya vizuri, kisha upeleke kiasi maabara.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa daftarini: zebaki. Mvuke wake unapochomwa huharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Usiichome jikoni wala karibu na watoto. Mchanga uliopitia zebaki usitiwe kwenye sianidi, kwani sianidi huiyeyusha zebaki na kuirahisishia njia ya kuingia majini. Kikundi kinachoosha bila zebaki hulinda afya na pia hubaki na mchanga safi wa kusafishwa baadaye.

Kumbuka pia kwamba sianidi ni sumu kali. Matangi yake yanahitaji leseni ya NEMA, na uchimbaji wenyewe unahitaji kibali chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016. Gharama za vibali ziingizeni kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kabla ya lori kupakia mchanga, mweka hazina awasomee wanachama hesabu hii mkutanoni.