Kujipigia Debe Bila Kuwa Kero Kwenye Magrupu

Linki ya video ikitupwa kwenye grupu la WhatsApp bila maelezo, wanachama huichukulia kuwa tangazo, hata kama ndani yake mna elimu ya kuokoa banda zima. Hawajui kilichomo mpaka waifungue, na kufungua kuna gharama: video ya dakika kumi hula makumi ya megabaiti, ilhali wafugaji wengi hununua bando la siku. Kabla ya kuona faida yoyote, wanaombwa watumie bando lao kwa manufaa ya mtu mwingine. Kero huanzia hapo.

Swali la wiki hii limeletwa na mfugaji wa kuku wa kienyeji wa Morogoro. Hurekodi kwa simu kazi za bandani kwake, kuanzia kulea vifaranga hadi kuchanja, kisha hupandisha video hizo YouTube. Siku hiyohiyo huzisambaza katika magrupu yote aliyomo, ya wafugaji, ya kikoba, ya shule aliyosoma na ya ukoo, kwa maneno yaleyale: “Naombeni support, msisahau ku-subscribe.” Grupu moja la wafugaji limemtoa. Katika jingine, admini amemwambia kwamba pale si sokoni. Anauliza kama aache kabisa kutangaza, maana lengo lake ni kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, masharti ambayo YouTube imeyaweka kwa anayetaka kulipwa kutokana na matangazo.

Hana sababu ya kuacha. Anachofundisha kinahitajika, na magrupu ya wafugaji ndiko waliko wenye kukihitaji. Kinachopaswa kubadilika ni namna anavyoingia.

Hasira ya maadmini ni ya zamani kuliko WhatsApp yenyewe. Mwezi wa Aprili 1994, wanasheria wawili wa Arizona, Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo moja la huduma zao za bahati nasibu ya green card katika maelfu ya kumbi za Usenet, mtandao wa majadiliano wa zama hizo. Bila shaka walikuwepo watu waliohitaji huduma ile. Lakini kila ukumbi ulikuwa na mada yake, na watu waliokuja kujadili mambo mengine kabisa walilikuta tangazo hilohilo kila walikopita. Malalamiko yakamiminika. Ujumbe mmoja uliomwagwa kila mahali humwonyesha msomaji kwamba mwandishi hakufikiria yuko wapi wala anaongea na nani. WhatsApp nayo imeweka vizuizi: tangu Januari 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mpigo, na namba inayotuma ujumbe kwa wingi na kuripotiwa inaweza kufungiwa.

Njia inayofaa inaonekana vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme mwanachama ameandika usiku kwamba kuku wake wamepinda shingo, wanaharisha kijani, na wawili wameshakufa. Jibu lenye msaada huandikwa palepale kwa maneno: dalili hizo zinafanana na za kideri, wagonjwa watengwe, mizoga ichomwe au ifukiwe, kuku wasiuzwe wala kuhamishwa, na afisa mifugo ajulishwe. Kideri hakina dawa ya kutibu. Chanjo ni kinga ya walio wazima, na ile ya I-2 hutolewa tone moja kwenye jicho moja, ikarudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Mpaka hapo hakuna linki, na muulizaji ameshajua la kufanya kesho asubuhi. Sasa mfugaji wa Morogoro anaweza kuongeza sentensi moja: “Namna ya kumshika kuku na kudondosha chanjo bila kumwaga nimeirekodi mwenyewe hapa, inaanzia dakika ya 3:10, ni kama dakika moja tu.” Linki fupi ya YouTube isiyo na nyongeza nyingine ikiwekewa ?t=190 mwishoni, video hufunguka moja kwa moja kwenye sekunde ya 190, yaani dakika ya 3:10, na mtazamaji haunguzi bando kwa salamu na utangulizi. Mwenye bando ataona mikono ikifanya kazi. Asiye nalo hakukosa jibu. Neno “mwenyewe” pia lina uzito wake. Anayejifanya ameiokota video mahali, kumbe ni yake, akigundulika huaminiwa kidogo kuliko aliyetangaza waziwazi.

Mara nyingi jibu halihitaji linki kabisa. Bei ya pumba inajibika kwa mstari mmoja, na atakayejibu bila kudai chochote ndiye atakayesomwa siku atakapoleta video. Hili huchukua wiki kadhaa, na halina njia ya mkato.

Utaratibu wa grupu nao uheshimiwe. Magrupu mengi huandika masharti yake kwenye maelezo ya juu, na baadhi hutenga siku ya matangazo. Pasipo na maelezo, admini huulizwa inbox kabla ya linki ya kwanza. Akikataa, mjadala umekwisha. Kumbishania mbele ya wanachama ni kumlazimisha achukue hatua.

Magrupu ya ukoo, shule na kikoba ni bora kuyaacha, na hesabu inaonyesha sababu. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mfugaji mwenye tatizo akitazama dakika nane, zinahitajika mara 30,000 za kutazamwa. Shangazi asiyefuga hata kuku mmoja atabonyeza kwa upendo, atazame sekunde ishirini, afunge. Kwa mwendo huo zingehitajika mara 720,000. Kibaya zaidi, watu wanaokimbia mapema huipa YouTube dalili kwamba video haikuwafaa, nayo hupungukiwa sababu ya kuipendekeza kwa wengine. Mwenye chaneli anaweza kuliona hilo kwenye YouTube Studio, ambako mchoro huonyesha watazamaji wanatoka dakika ya ngapi na orodha nyingine huonyesha walitokea wapi, WhatsApp ikiwemo.

Kwa sababu hiyohiyo, maneno “naombeni support” yaachwe. Humfanya mtazamaji ajione anatoa msaada, wakati aliyejifunza kuchanja ndiye aliyepata msaada. Mapatano ya “nifuate nikufuate” nayo YouTube imeyakataza, na wafuatiliaji waliopatikana hivyo wanaweza kuondolewa.

Mahali pa kujitangaza kwa uhuru papo. Status ya WhatsApp hukaa saa 24 na haimlazimishi mtu kuitazama. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza 2023, humfikia aliyechagua kufuata. Video fupi za Shorts husaidia kujulikana, ila muda unaotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hauhesabiwi katika zile saa 4,000. La muhimu kuliko yote hayo ni kichwa cha video. Mfugaji aliyeamka na kuku wagonjwa hatafuti “Elimu ya ufugaji sehemu ya tano.” Huandika anachokiona: kuku kupinda shingo, kuku kuharisha kijani. Video yenye maneno hayo kichwani huweza kumfikia mtu wa Singida au Kitui ambaye hayumo katika grupu lolote la mfugaji wa Morogoro, tena miezi mingi baada ya kupandishwa.

Limebaki lile grupu lililomtoa. Admini aandikiwe ujumbe mfupi wa kuomba radhi, usio na linki wala maelezo marefu ya nia njema, na aulizwe kama kuna nafasi ya kurudi. Akimrudisha, wiki za mwanzo ziwe za kujibu maswali tu, na linki isubiri mpaka mtu aulize jambo ambalo video inalijibu.