Mechi ya Mtoano: Elewa Beti Yako Kabla ya Kuweka PIN

Agosti 22, 2025, Harambee Stars walitoka 1-1 na Madagascar pale Kasarani, robo fainali ya CHAN. Madagascar wakafuzu kwa penalti 4-3. Sasa, aliyebeti kuwa Madagascar watashinda alilipwa?

Kama alichagua 2 kwenye 1X2, hapana. Kwa kawaida, chaguo hilo huhesabu dakika 90 na zile za majeruhi tu. Muda wa ziada na penalti hazimo. Kwa hivyo beti iliyoshinda ni X, yaani sare. Ukitaka timu itakayosonga mbele, tafuta chaguo la kufuzu.

Kabla hujaagiza bia ya kwanza, iwe uko tao au Kangemi, fanya hivi:

1. Tenga nauli ya kurudi nyumbani, halafu pesa ya bia. Ya kubeti iwe ile ambayo ikipotea, kesho bado utakula.
2. Kumbuka ushuru. Ukiweka shilingi 500 kwenye akaunti ya kubeti, asilimia 5 inakatwa. Inabaki 475.
3. Mtu akikuuzia "matokeo ya uhakika" na anataka utume pesa kwanza, usitume. Angekuwa anayajua, angebeti mwenyewe anyamaze.
4. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN. PIN yenyewe usimpe mtu, hata mliyeketi naye meza moja.

Stars wakifungwa, usikope kwa simu ili urudishe hasara. Deni halina muda wa ziada.

Kubeti ni kwa waliotimiza miaka 18.