Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Tuseme ni juma la kufunga shule hapa Unyambwa, na alama zote za Kidato cha Nne zimo katika kompyuta ya ofisi. Usiku umeme umekatika ghafula wakati mashine ilipokuwa ikijiandika upya. Asubuhi yaonyesha skrini nyeusi tu. Wengi husema, "Imekufa, alama zimepotea." Sivyo. Kilichoharibika ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoamsha mashine na kusimamia kazi zake. Mfano wake ni tembe iliyoporomoka mlango: haiingiliki, lakini mtama ungali kihengeni mle ndani.

Diski ya kuokolea ndiyo tundu la kupitia ukutani. Ina mfumo endeshi mdogo wa kwake, na mashine huamka kwa huo pasipo kuutegemea ule mbovu. Ya Windows 10 hutengenezwa kwa kompyuta nyingine iliyo nzima, juu ya DVD au flashi ya GB 8 au zaidi. Angalia: flashi hiyo hufutwa yote kwanza, basi usitoe ile yenye masomo yako.

Itie, washa mashine, kisha gonga kitufe cha kuchagua njia ya kuamkia. Kwa Dell ni F12, kwa HP ni Esc halafu F9. Ukiisha kupita ukurasa wa lugha, ndipo penye hatari. Katikati ya skrini pana kitufe kikubwa cha kusimika upya. Chini, upande wa kushoto, pana maneno madogo ya kutengeneza. Mkono hupenda kikubwa. Wewe chagua kidogo. Anayesimika upya na kufuta diski kuu amebomoa nyumba pamoja na kihenge.

Kabla ya kutengeneza lolote, toa mafaili. Fungua dirisha la amri, andika notepad, nenda mahali pa kufungua faili, uagize yaonekane ya kila aina. Hapo folda zote zitatokea. Nakili zako, ukazibandike katika flashi ya pili. Usishtuke ukiona C imekuwa D, kwani diski ya kuokolea hupanga herufi kwa namna yake. Lakini mashine ikidai ufunguo wa tarakimu 48, imefungwa kwa BitLocker. Mtafute aliyeutunza ufunguo.

Sasa jaribu matengenezo ya kuamka, ambayo mashine huyafanya yenyewe. Yakishindwa, irudishe katika hali ya tarehe ya nyuma, kama ilikuwa imewekewa kumbukumbu. Programu zilizoingizwa baada ya tarehe hiyo zitaondoka. Alama na barua hazitaguswa.

Ikiwa ndani mwasikika mlio wa kugonga-gonga, zima mara moja. Hiyo ni diski kuu yenyewe inayokufa, na diski ya kuokolea haiiponyi. Mpelekee fundi ikiwa imezimwa.