Kiasi si Kidogo: Msamiati wa Ulaji na Upunguzaji wa Uzito katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mtu anavyoweza kupunguza uzito kwa kula kwa kiasi badala ya kujinyima chakula kwa masharti makali. Mfano unaotumiwa ni jiko la pwani ya Malindi na Kilifi nchini Kenya, na chombo cha uchunguzi ni msamiati wa Kiswahili chenyewe. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimekwisha kutofautisha mambo mawili ambayo mashauri mengi ya afya huyachanganya: kula kidogo na kula kwa kiasi.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee katika eneo hili. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka 5 katika Kaunti ya Kilifi walikuwa wamedumaa. Hicho kilikuwa kiwango kikubwa kuliko cha kaunti nyingine yoyote. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 18. Utafiti uo huo ulibainisha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo njaa na unene huweza kukaa chini ya paa moja, na anayewashauri watu wa pwani wapunguze chakula hana budi kujiuliza ushauri wake utamfikiaje mtoto anayekula katika sinia hilohilo.

Kukonda, kunawiri na kitambi

Lugha haikuwahi kuutazama wembamba kwa jicho la kuusifu tu. Anayemtuliza mwenziwe humwambia "usikonde", akimaanisha asiwe na wasiwasi. Yaani kukonda ni dalili ya moyo uliosononeka. Anayeonekana mwenye afya huambiwa amenawiri, kitenzi ambacho hutumiwa pia kwa mimea iliyostawi. Katika miaka ya 1980 hofu ya kukonda iliongezeka Afrika Mashariki kwa sababu ya UKIMWI, ambao nchini Uganda uliitwa "slim" kutokana na jinsi ulivyowadhoofisha wagonjwa. Si ajabu, basi, kwamba anayepungua mwili huulizwa kwanza kama anaumwa.

Neno kitambi nalo lina maana mbili. Ni kitambaa cha kujifunga kiunoni au kilemba, na ni tumbo lililojitokeza kwa mafuta. Kwa muda mrefu tumbo hilo lilichukuliwa kuwa pambo la mwenye nacho. Sayansi ya tiba imeonyesha kwamba mafuta yanayojilimbikiza tumboni huhusiana sana na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Hata hivyo, kumtaka mtu aliyelelewa katika msamiati huu akonde ni kumtaka afuate jambo ambalo lugha yake inalihusisha na huzuni na maradhi. Kumtaka ale kwa kiasi ni kumrejesha kwenye adabu anayoifahamu.

Mwiko na mwenye njaa

Mwiko ni neno lenye sura moja na maana mbili. Mwiko wa kwanza ni kifaa cha mti cha kusongea sima na kupakulia wali. Mwiko wa pili ni katazo, kama lile la mganga anayempa mgonjwa dawa na kumwambia asile samaki wa aina fulani. Masharti makali ya kupunguza uzito ni miiko ya aina hii ya pili: usile wali, usiguse nazi, usile kitu baada ya magharibi. Nguvu ya mwiko ni kwamba haumtaki mtu apime. Unamtaka atii tu. Hapo pia ndipo udhaifu wake ulipo, kwa maana wahenga walisema: mwenye njaa hana miiko.

Ukweli wa methali hiyo ulidhihirika katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mwaka 1944 na 1945. Mtaalamu Ancel Keys aliwachunguza vijana wa kiume 36 waliojitolea, wenye afya njema na wasio wanene. Kwa muda wa miezi 6 chakula chao kilipunguzwa hadi karibu nusu ya walichokizoea, nao wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Vijana hao waliingiwa na huzuni na hasira. Walifikiria chakula usiku na mchana, na baadhi yao walianza kusoma na kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula kupita kiasi. Mwili unaonyimwa hutumia nishati kwa ubahili na kuzidisha hamu ya kula. Kuvunja miiko, kwa hiyo, si lazima kuwe dalili ya uvivu au tamaa.

Kitenzi kujinyima kinalieleza jambo hili vizuri. Shina lake ni -nyima, kumkatalia mtu kitu anachokihitaji au anachokiomba. Kiambishi -ji- kinamfanya mtu mmoja awe mnyimaji na mnyimwaji kwa wakati mmoja. Ni vigumu kwa ugomvi wa namna hiyo kudumu mwaka mzima.

Kiasi katika jiko la pwani

Neno kiasi lina asili ya Kiarabu, nalo linahusu kupima na kulinganisha. Jiko la pwani lilikuwa na vipimo vyake: vibaba 4 hufanya pishi moja, na pishi ndiyo kipimo kinachotajwa hadi leo katika zaka ya fitri. Nafaka ilipimwa kabla ya kutiwa chunguni. Misikitini nako hufundishwa kwamba tumbo lisijazwe chakula pekee, bali liachiwe nafasi ya maji na ya pumzi. Kiasi, basi, hakikuletwa pwani na vipeperushi vya afya.

Ugumu uko katika ulaji wa pamoja. Katika sinia la wali hakuna anayeona fungu lake, na mkono wa mwisho kuinuka ndio huwa umekula zaidi. Dawa yake si kumtenga anayetaka kupunguza uzito na kumpikia chungu chake. Anaweza kubaki sinianì, akala upande wake, akaanza na mchicha, kisamvu, majani ya kunde au mtsunga mchungu unaopendwa na Wagiriama, kisha samaki, na wali au sima baadaye. Mboga na samaki humshibisha kabla hajaufikia wanga mwingi. Kula polepole kunasaidia pia, kwa kuwa ubongo huchukua muda kupata habari za kushiba.

Mapishi yenyewe yana nafasi za kurekebishwa bila kuharibu ladha. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga ina kalori 4. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia hufikia kalori 120 hivi. Kwa hiyo samaki wa kuchoma hutofautiana sana na samaki aliyezamishwa katika mafuta, hata kama wote ni changu wa pwani ileile. Asubuhi ya mahamri na mbaazi haihitaji kufutwa. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi zinazoshibisha. Kinachohitaji kupimwa ni idadi ya mahamri, kwani ndiyo yaliyokaangwa. Aliyezoea manne akila mawili na kuongeza mbaazi hajavunja desturi yoyote.

Nje ya milo ndiko hatari hujificha, na methali inayofaa hapa ni chovya chovya humaliza buyu la asali. Mtu anayekunywa vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kikombe kwa vijiko vidogo 3 vya sukari, hula takriban gramu 36 za sukari. Akibakiza kijiko kimoja kwa kikombe, amepunguza gramu 24 kwa siku, ambazo kwa mwaka hukaribia kilo 9 za sukari. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ipungue hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Maji ya dafu yana sukari kidogo kuliko soda, ingawa nayo hayafai kunywewa kama maji ya mtungi.

Funzo la Ramadhani

Mwezi wa Ramadhani unaonyesha kwamba kukaa na njaa peke yake hakutoshi. Lengo la saumu ni ibada, wala haikufaradhishwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wafungaji wengi hupungua kidogo, kisha uzito hurudi wiki chache baada ya Idi. Sababu si ngumu kuiona Malindi, Mambrui au Takaungu. Saa za mchana hufuatwa na futari ya muhogo wa nazi, viazi, sambusa na kaimati, kisha chakula cha usiku, kisha daku.

Ifahamike pia kwamba mwendo wa polepole si kinga kwa wenyewe. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watu wapatao 200; kundi moja lilipunguza uzito kwa wiki 12 na jingine kwa wiki 36. Baada ya karibu miaka 3, waliofaulu katika makundi yote mawili walikuwa wamerudisha takriban asilimia 71 ya uzito waliopoteza. Tofauti kubwa, basi, haimo katika kasi. Swali la msingi ni mtu anarudia mlo gani masharti yakiisha. Kula kwa kiasi kuna faida kwa sababu hakuna siku ya kuisha. Kunaweza kuwapo siku ya harusi yenye biriani na siku ya kawaida yenye sima na dagaa.

Wala hapahitajiki kupungua kwingi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwahusisha zaidi ya watu 3,200 waliokaribia kupata kisukari. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata maradhi hayo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi.

Nazi moja, walaji wawili

Tofauti kati ya kiasi na kidogo huonekana wazi katika ukamuaji wa nazi. Nazi iliyokunwa kwa mbuzi hukamuliwa kwanza ikatoa tui zito, lenye mafuta mengi. Ikiongezwa maji na kukamuliwa tena hutoa tui jepesi. Mama anayepunguza uzito anaweza kuunga mchicha wake kwa tui jepesi. Tui zito kidogo linaweza kutiwa katika chakula cha mtoto mdogo, pamoja na dagaa waliosagwa, kunde au yai, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na linahitaji chakula chenye nguvu. Wote wawili wamekula kwa kiasi, ingawa hawakula sawa. Kadhalika mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa wana viasi vyao, na wanapaswa kushauriana na mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha milo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mwiko huvunjwa na njaa, na kwamba kidogo huweza kuwa dhuluma kwa mtoto aliyedumaa. Kiasi hutofautiana na vyote viwili kwa kuwa hubeba swali ndani yake: kiasi gani, kwa nani, kwa kazi ipi? Nalo lishe, neno linalotokana na kitenzi kulisha, linakumbusha kwamba chakula ni jambo la anayelisha na anayelishwa pia.

Wanafunzi wa Kiswahili ndio watakaotafsiri vipeperushi vya zahanati na kuandika matangazo ya redio za pwani. Mtafsiri akiandika "punguza chakula", mama wa Ganze anaweza kupunguza chungu kizima, na mtoto wake akalala na njaa. Akiandika "kula kwa kiasi chako", na akaeleza kiasi hicho kwa upawa, kikombe na kijiko vinavyojulikana jikoni, kila mlaji ataweza kulipata fungu lake katika chungu hichohicho.