SOMO LA KIINGEREZA: MANENO YA HARUFU MBAYA

Somo la mara hii labda litawachekesha vijana, lakini wazazi wataona faida yake upesi. Hapa Uganda muuguzi wa zahanati na mwalimu wa watoto wetu mara nyingi hutumia Kiingereza, na wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa. Mama asiyeweza kueleza kwamba kidonda cha mtoto kinatoa harufu anaweza kurudi nyumbani na vidonge vya maumivu tu. Kwa hiyo tujifunze.

1. Kunuka na kunukia

Kiswahili chetu hutenganisha mambo haya vizuri. Maua hunukia, samaki aliyeoza hunuka. Kiingereza kina kitendo kimoja tu kwa yote mawili: "smell", husomwa smel. Kwa hiyo lazima tuongeze sifa. "It smells good" ni kusema kinanukia. "It smells bad" ni kusema kinanuka. Tusiseme "badly" hapo.

Tuangalie hatari moja. Ukimwambia mtu "You smell" ukaishia hapo, umemwambia kwamba ananuka, hata kama nia yako ilikuwa kusifu marashi yake. Sema "You smell nice".

Tena, sisi husema "nasikia harufu". Wengine hutafsiri neno kwa neno na kusema "I hear". Kwa Kiingereza masikio husikia sauti tu. Harufu ya moshi ikikufikia, sema "I can smell smoke".

Waliosoma Kifaransa wanajua "odeur", ambayo yaweza kuwa nzuri au mbaya. Ndugu yake wa Kiingereza, "odour", mara nyingi huegemea ubaya. "Body odour" ni harufu ya jasho. Wamarekani huandika "odor".

2. Maneno makali

Maneno "stink", "stench" na "reek" yote yana maana ya kunuka sana au uvundo. Zamani za kale "stink" ilikuwa kutoa harufu yoyote, hata nzuri, na "reek" ilihusu moshi. Leo yote matatu ni makali. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Yohana 11:39, Martha anapotaja mwili wa Lazaro uliokaa kaburini siku nne, watafsiri waliandika "stinketh". Baadhi ya tafsiri za siku hizi zimelainisha na kuweka "odor".

3. Chakula na nyumba

"Rotten", roten: kilichooza, kama yai, nyama au nyanya.
"Sour", saua: kilichochacha, kama maziwa au maharage yaliyolala.
"Rancid", ransid: mafuta, siagi au karanga zilizokaa mpaka zikaharibika.
"Stale", steil: mkate wa zamani, au hewa ya chumba kisichofunguliwa dirisha.
"Fishy", fishi: shombo la samaki. Neno hili pia hutumika kwa jambo linalotia shaka. Mtu akisema "This is fishy" juu ya karatasi fulani, hasemi samaki, anaona kuna udanganyifu.
"Musty", masti: harufu ya unyevu na ukungu, kama nguo au unga uliohifadhiwa mahali pabichi.

Neno hili la mwisho tulishike sana. Mahindi yaliyoota ukungu yaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi yote. Lakini tusitegemee pua peke yake, maana sumukuvu yaweza kuwepo hata pale ambapo hakuna harufu. Mahindi na yakaushwe vizuri na kuwekwa juu ya mbao, si chini kwenye udongo. Ukipokea unga wenye harufu hiyo, sema "This flour smells musty".

4. Zahanati

Neno la kwanza kwa mganga ni "foul-smelling", faul-smeling, yaani chenye harufu mbaya sana. Usaha ni "pus", pas. Kidonda ni "wound", wund. Basi: "The wound is foul-smelling and has pus."

Mama aliyejifungua akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, hasa akiwa na homa, asingoje asubuhi. Apelekwe, na aliyemsindikiza aseme: "She has fever and a foul-smelling discharge." Mtoto akitoa kamasi inayonuka kwenye tundu moja tu la pua, huenda ameingiza punje ya haragwe au kitu kingine humo. Na pumzi ya mgonjwa wa kisukari ikinukia kama matunda yaliyoiva, neno lake ni "fruity", fruti. Harufu hiyo haina ubaya puani, lakini yaweza kuwa dalili ya hatari kubwa.

5. Kwa wanaosubiri kusafiri

Nchi nyingi mtakakopelekwa watu hupikia gesi inayopita kwenye mabomba. Gesi hiyo yenyewe haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi iliyovuja bila mtu kujua ililipua shule na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria iliagiza gesi itiwe dawa inayonuka, ili watu waonywe. Kwa hiyo ukisikia harufu ya "rotten eggs", mayai yaliyooza, usiwashe kiberiti wala taa. Toa watoto nje kwanza, ndipo upige simu ukiwa mbali na nyumba. Marekani na Kanada ni 911. Sema: "I smell gas."

6. Adabu

Tuwafundishe watoto kwamba "stink" ni neno la vitu. Kumwambia mwenzake darasani "You stink" ni tusi, na aliyekimbia vita bila nguo ya kubadilisha hulisikia kwa uchungu mara mbili. Ikibidi kusema mbele ya watu, tusimtaje mtu. Tuseme "There is a bad smell here", kisha tumsaidie mhusika faraghani, na sabuni tukiwa nayo.

Mazoezi ya nyumbani

Familia ijibu kwa Kiingereza:
a) Mafuta haya yameharibika kwa kukaa.
b) Kidonda cha mtoto kinatoa harufu mbaya na usaha.
c) Nasikia harufu ya moshi.

Kila mtoto aseme kwa sauti mara tatu, na wazazi pia.